Laini Moja, Nyumba Nne

Mjukuu wangu anataka kufungua biashara ya simu za intaneti hapa Eldoret, na anataka baraka zangu. Juzi alinikalisha mbele ya kompyuta yake, akaenda chumba cha pili, akanipigia kutoka huko ili nionje sauti.

"Cucu, unanisikia vizuri?"

Nikamwambia namsikia.

"Hakuna kelele? Haikatikikatiki?"

Hakuna. Sauti yake ilikuwa safi hadi nikasikia akimeza mate.

"Si unaona? Maofisi yote yatahamia huku. Simu za waya zimeisha, Cucu. Hii italipa, si mchezo."

Nikamwambia angoje kwanza. Alidhani sijaelewa, akaanza kunieleza polepole, vile watoto wa siku hizi hutueleza vitu. Nilikuwa nimeelewa sana. Ni huo usafi ulionitia wasiwasi. Nikamuuliza, "Hapo katikati yetu kuna nani?" Akasema hakuna mtu, ni mashine tu. Nikamuuliza, "Mashine ya nani?" Akacheka tu. Mimi hayo niliyaona.

Sina haja ya kujificha, mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alisema hata nikiwa mtoto nilinusa uji kabla ya kuunywa. Lakini kwa mambo ya simu nina sababu zangu, kwa maana niliuza simu kabla baba ya huyu kijana hajang'oa meno ya utoto, na biashara hiyo najua inaendeshwa na nini na inauawa na nini. Niliiua mwenyewe, kwa mdomo huu.

Ilikuwa kule Ziwa, kituo cha soko nje ya Eldoret, wakati wa chama kimoja. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka Murang'a tukiwa na mtoto mgongoni, tukachukua duka kwa mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Pamoja na duka tulipata simu. Ilikuwa sanduku la mbao ukutani, na mkono wa kuzungusha ubavuni, mabaki ya wakati wa mashamba ya wazungu. Waya ulitoka Eldoret, ukapita mahindi ya watu, na ulipofika kwetu ulikuwa umebeba nyumba nne: duka letu, ofisi ya ushirika wa maziwa, posho mill ya kusaga mahindi, na nyumba ya Kogo.

Kogo ni nyanya kwa lugha ya watu wa pale, na sisi sote, hata sisi wa kuja, tulimwita hivyo. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe aliwahi kuwa mwenyekiti wa ushirika, na simu ilikuwa yake. Alikufa kabla sisi hatujafika. Watoto wake wa kiume walikuwa mbali, mmoja Mombasa, mwingine sijui wapi. Yeye alibaki pale kwenye miti ya blugamu na ng'ombe wake watatu.

Sasa elewa jinsi laini ile ilivyofanya kazi. Simu ikipigwa kwa nyumba moja, inalia nyumba zote nne. Kila mtu alikuwa na mlio wake. Wetu ulikuwa ndefu mbili. Ushirika, ndefu moja. Posho mill, fupi tatu. Kogo, ndefu moja na fupi mbili. Kumwita jirani wa laini hukuhitaji opereta, ulizungusha mkono kwa mlio wake. Ukisikia mlio si wako, unaacha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Na nani aliifuata? Muongo na aseme. Hata mimi niliinua. Nilijua fahali wa mtu amekufa kabla mwenyewe hajaambiwa.

Lakini laini ilikuwa na tabia moja. Kila mtu aliyeinua alikula sauti kidogo. Mkiwa wawili mnaongea, mnasikizana vizuri. Akiinua wa tatu, sauti inashuka, kama taa ya presha inayotaka kupigwa pampu. Akiinua wa nne, mnapiga kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Kwa hivyo mwenye akili hakuhitaji kuuliza kama kuna anayesikiliza. Alipima kwa sikio.

Biashara yenyewe ilikuwa nzuri, nisidanganye. Siku ya soko watu walikuja kutoka mbali kupigia watoto wao Nairobi, Kitale, Nakuru. Nazungusha, opereta wa Eldoret anaitika, nampa namba, ananiambia ningoje. Kungoja kunaweza kuchukua saa nzima. Mtu anayengoja hunywa chai, hula mkate, hukumbuka kwamba nyumbani hakuna kiberiti. Hapo ndipo palikuwa na faida. Sauti ilikuwa mbaya, mvua ikinyesha waya unakaanga kama vitunguu, lakini watu walirudi, kwa sababu hakukuwa na pengine. Huyu mjukuu wangu anafikiri watu hununua usafi wa sauti. Watu hununua kufika.

Waliniangalia kwa jicho baya, lakini. Mtu anaongea huku amenipa mgongo, mkono mdomoni, na mimi nimesimama hatua mbili, napanga viberiti vilivyokwisha kupangwa. Walinishuku, na walikuwa na haki.

Shida yetu ilikuwa shemeji. Ndugu ya mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo Nairobi, na alikuwa na mdomo. Kila Jumapili baada ya kanisa simu inalia ndefu mbili, ni yeye, na akimaliza kuuliza watoto anaanza siasa. Kwamba nchi haiwezi kuongozwa kwa kupiga makofi. Kwamba siku moja vyama vitakuwa vingi na hawa watu watatafuta pa kuingia. Aliyasema hayo kwa Kikuyu, kwa sauti kubwa, akicheka, na juu ya sanduku la simu ilitundikwa picha ya Mtukufu Rais kama katika kila duka la nchi hii. Mume wangu aliitikia "ee, ee," huku akiitazama ile picha.

Miaka ile mtu alichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo. Gari linakuja asubuhi, na mke akienda kuuliza, kila ofisi inamtuma ofisi nyingine. Mimi nilikuwa na watoto wanne kufikia wakati huo, na duka ambalo bila mume lingefungwa siku hiyo hiyo. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Simu moja tu ya shemeji ikimfikia mtu mbaya, mume wangu hayupo. Nilimwambia mume wangu amkataze. Akasema, "Nitamkatazaje mtu mzima?"

Basi siku moja chifu akaingia dukani kununua sukari. Mtu mpole, hakuwa na maneno mengi. Nikampimia. Alipokuwa anatoka, akageuka mlangoni akasema, "Na yule shemeji yako wa Nairobi, bado anapiga Jumapili?"

Nikasema anapiga. Akasema vizuri, akaenda zake.

Nilikaa juu ya gunia la maharagwe nikijiuliza: chifu amejuaje ni Jumapili?

Tangu siku hiyo nilisikiliza laini kwa masikio mengine. Jumapili iliyofuata shemeji alipopiga, nilisimama karibu na mume wangu, sikio langu ubavuni mwa lake. Wakaanza vizuri. Kabla hawajamaliza salamu, sauti ikashuka. Kuna mtu. Nikahesabu kwa kichwa. Ofisi ya ushirika hufungwa Jumapili, na karani anakaa na ufunguo mfukoni. Mwenye posho mill alikuwa bado kanisani, nilimwacha kwenye kwaya. Kabaki nani? Kabaki Kogo.

Mimi sikutaka kumshtaki mtu kwa kudhani. Nilitaka kumshika. Nikapanga mtego, na mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyojisifu kwa mtego ule naona aibu.

Nilimwandikia dada yangu, aliyekuwa karani mjini Eldoret na akikaa mtaa wa Pioneer, nikamwambia Ijumaa nitampigia ofisini nimwambie uongo, asishtuke. Ijumaa ilipofika nikawaita karani wa ushirika na mwenye posho mill waje dukani tuongee habari ya nguzo mbili za simu zilizokuwa zimeinama. Wakaja, wakaketi kwenye benchi yangu, nikawapa chai. Nao wakiwa mbele ya macho yangu, nikazungusha simu, na kengele zikalia nyumba zote za laini.

Nilimwambia dada kwamba kitinda mimba wangu ameshikwa na surua, imemwingia ndani, macho hayafunguki, na hakuna gari la kumpeleka hospitali. Nilisema yote kwa Kiswahili, ili mwenye kusikiliza aelewe. Dada yangu akasahau mpango, akauliza, "Mbona unaniongelesha Kiswahili kama askari?" Nikaendelea. Kwetu mtu hamtajii mtoto ugonjwa asiokuwa nao, na nilipokuwa nasema nilijitemea mate kidogo kifuani kuuzuia usije. Nilipofika kwa macho, sauti ya dada ikashuka.

Nikawaangalia wale wawili. Karani alikuwa anachovya mkate. Mwenye posho mill alikuwa anapuliza chai.

Usiku huo nilimwambia mume wangu ni Kogo. Akasema, "Wacha mama wa watu." Nikamwambia yeye ni mjinga.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Asubuhi, watu wamejaa mbele ya duka, nikasikia trekta. Ikaja ikasimama mlangoni kabisa. Aliyeiendesha alikuwa mpwa wake Kogo, mtu mzima mwenye ndevu, na nyuma kulikuwa na trela. Ndani ya trela walikuwa wametandaza nyasi kavu, juu ya nyasi godoro, juu ya godoro blanketi mpya ya kijani. Kogo mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya godoro, ameshikilia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kisimwagike. Alishuka kwa shida. Akauliza, "Mtoto yuko wapi? Tupeleke Eldoret, hii inaenda polepole lakini inafika."

Mtoto alikuwa hapo hapo mlangoni, anakula mandazi.

Kogo akamwangalia. Akamshika kidevu, akamfungua jicho moja kwa kidole, halafu la pili. Uso wake ukafunguka. Nakumbuka hilo vizuri sana, kwa sababu niliona furaha ile na bado nikafungua mdomo.

"Nani alikuambia mtoto wangu ni mgonjwa?"

"Nilisikia."

"Ulisikia wapi?"

Akamwachia mtoto kidevu. Watu wakaanza kusogea. Nikarudia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza viazi: "Nimekuuliza, ulisikia wapi?"

"Kwa simu," akasema.

Wacha nikwambie, sikubakisha. Nilimwambia ni mwizi wa maneno ya watu. Nilimwambia ni yeye anayempelekea chifu habari za nyumba yangu, kwamba anataka mume wangu achukuliwe, kwamba tangu tuje hapa hajatupenda. Mpwa wake alikuwa ameshuka kwenye trekta, akasimama tu, hajui afanye nini na mikono yake.

"Chifu?" Kogo akasema. "Mimi nimwambie chifu nini? Huyo shemeji yako anaongea lugha yenu. Mimi sijui hata neno moja."

"Sasa unasikiliza nini?"

"Anacheka vizuri," akasema. "Na bwanako akicheka. Mimi nasikiliza tu watu wakiongea."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Jibu lilikuwa mbele yangu, limekaa kama mzigo juu ya kaunta. Lakini hasira haina masikio. Nikamwambia, mbele ya soko lote, "Ikilia, usiiguse. Si yako. Hata ikilia siku nzima, usiiguse tena."

Akasema sawa. Akanipa kile kibuyu, akasema mtoto anywe hata kama ni mzima, akasaidiwa kupanda trela. Trekta ikageuka katikati ya watu, na lile godoro likarudi tupu.

Sauti ikawa safi. Jumapili shemeji alipopiga ni kama alikuwa ameketi jikoni. Nilijiona mshindi kwa wiki moja hivi. Halafu nikaanza kuona benchi yangu iko wazi siku za soko. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Langas mjini Eldoret, aliyekuja kila mwezi kumwona mamake na kumpigia mumewe kutoka kwangu, alipita mlangoni bila kuingia. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Si wewe ulisema hiyo simu inasikizwa?" Wakawa wanakwenda Eldoret mjini, wanapanga foleni. Nilikuwa na laini safi kuliko wakati wowote, na hakuna aliyetaka kuongea ndani yake. Mtaji wa simu ni watu kuamini, na mimi niliutangazia soko lote kwamba hakuna wa kuaminiwa.

Ikapita miezi miwili hivi. Mchana mmoja tunakula, nikamwambia mume wangu angalau chifu hajaniuliza tena habari za shemeji, maana niliziba njia yake.

"Njia gani?" akasema. "Ni mimi nilimwambia."

Nikaweka kijiko chini.

Alikuwa ameenda kwa chifu kutaka barua, ili tuombe laini ya pili, tuwe na yetu peke yetu. Chifu akamuuliza sisi wenye duka dogo tunataka laini mbili za nini. Naye akajibu ana ndugu mwalimu mkubwa Nairobi, anampigia kila Jumapili. Alikuwa anajisifu. Alitaka chifu aone sisi si watu wa hivi hivi. Hakuona haja ya kuniambia, akaendelea kumenya ndizi yake.

"Na siku ile namtukana Kogo, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuambia umwache mama wa watu."

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Nilisema naye maneno ambayo sitayaandika hapa, halafu nikaenda kukaa dukani peke yangu, nikilitazama lile sanduku. Ndipo nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipousikia mlio wa Kogo. Ndefu moja na fupi mbili. Simu ikipigwa kwake ingelia kwangu pia, na mimi, mtu wa kushuku, hakuna mlio uliowahi kunipita. Nikarudi nyuma mwaka mmoja, miwili, mpaka mwaka tuliohamia. Miaka sita. Sikuwahi kuusikia hata mara moja.

Nilijua ningepaswa kwenda kwake kwa miguu. Si mbali, ni kuvuka shamba moja la mahindi. Miguu ilikataa. Ningesimama mlangoni kwake niseme nini? Kesho yake asubuhi nikafanya lililokuwa rahisi. Nikashika mkono wa simu nikazungusha: ndefu moja, fupi mbili. Nikangoja. Nikazungusha tena.

Simu ikainuliwa. Alikuwa karani wa ushirika.

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

Ikainuliwa ya pili. Mwenye posho mill akasema, "Si yangu. Mimi ni fupi tatu."

"Na si yangu. Basi opereta amekosea."

Wakaweka chini wote wawili. Nikazungusha tena, na tena, hadi saa nne. Hakuinua. Ndipo woga ukanishika wa namna nyingine, mtu mzee, peke yake, miezi miwili sijamwona sokoni. Nikachukua sukari na majani chai, nikamwachia mume wangu duka, nikakatiza shamba la mahindi mbio.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya simu, mikono mapajani. Juu ya sanduku alikuwa amefunika kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, kile watu hufunika redio. Aliponiona akasimama upesi, kabla hata ya salamu.

"Mama Duka, imelia tangu asubuhi," akasema. "Sijaigusa. Waulize wale wa laini."

"Kogo, ni mimi nilikuwa napiga. Ilikuwa yako."

Hakuelewa. Akaniangalia mimi, akaliangalia sanduku. Zamani mzee wake ndiye aliyekuwa akiinua.

"Yangu?" akasema. "Kwani yangu inalia namna gani?"

Nilijaribu kumweleza ndefu na fupi, nikaona simfikii. Basi nikaweka sukari chini, nikamwigizia mlio wake kwa mdomo, kama mtoto anayecheza gari. Ndefu moja, fupi mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia.

"Tena."